Tokeni za wafanyabiashara za wakati wa vita: nianzie wapi, na je, huku kwetu zipo?

Kijana wa Kondele, Kisumu

Shikamooni wazee wangu, na salamu kwenu nyote mnaopenda sarafu za kale.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikusanya sarafu za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, hasa zile senti zenye tundu katikati ambazo wazee wetu walizitunga kwenye kamba ili zisipotee. Mwaka huu binamu yangu anayeishi Ohio, Marekani, aliniletea zawadi ya vipande vitatu vya shaba nyekundu ambavyo, ingawa vinafanana sana na senti, havikutolewa na serikali yoyote. Vyote vina kipenyo cha takriban milimita 19. Cha kwanza kina kichwa kilichovaa kilemba cha manyoya pamoja na mwaka 1863, na upande wa pili kina shada lenye maneno "ONE CENT". Lakini ukikitazama kwa kioo cha kukuzia, unaona juu ya maneno hayo neno dogo sana "NOT", yaani kipande chenyewe kinakanusha kuwa ni senti. Cha pili kina jina la mwenye duka la vyakula wa Cincinnati pamoja na mtaa alikofanyia biashara. Cha tatu kimechakaa mno, na mtu fulani alikitoboa tundu pembeni, nadhani ili akivae shingoni.

Binamu yangu aliniambia kwamba vipande hivi ni tokeni zilizotolewa na wafanyabiashara wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, sarafu zilipoadimika. Nimevutiwa kiasi kwamba ningependa kukusanya za aina hii kwa mpango, si kuokota tu kila kinachokuja mbele yangu. Naomba mnieleze kwa nini wenye maduka walijigongea pesa zao wenyewe na serikali ikawaachia, na mtu wa kipato cha kawaida afuate njia gani katika ukusanyaji wake. Ningependa pia kujua kama kuna chochote cha namna hiyo kilichowahi kutumika Afrika, na hasa katika sehemu zetu hizi. Nauliza hilo la mwisho kwa sababu katika kopo la marehemu babu yangu, aliyekuwa na duka Yala, kuna sarafu ya shaba ya njano yenye taji, mwaka 1916 na herufi T, ambayo uso wake umegongwa vibaya kiasi cha kunifanya nishuku kwamba nayo ilitengenezwa na mwenye duka.

Mwalimu wa Historia, Nakuru

Marahaba, kijana wangu. Swali lako la kwanza ndilo msingi wa mengine, kwa hiyo niruhusu nikae juu yake kidogo.

Vita vinapoanza, watu hawaanzi kwa kuficha noti. Huanza kwa kuficha kile ambacho thamani yake iko ndani ya mwili wake. Mwishoni mwa Desemba 1861 benki za New York zilisimamisha kulipa dhahabu kwa aliyeleta noti, na mnamo Februari 1862 sheria ikairuhusu serikali ya Marekani kutoa noti ambazo hazikuahidi dhahabu wala fedha. Noti hizo zilipozidi kushuka thamani, fedha iliyokuwa ndani ya vipande vidogo ikawa na bei kubwa kuliko tarakimu iliyoandikwa juu yake, basi vipande hivyo vikafichwa majumbani au vikavushwa mpaka kwenda kuuzwa. Kufikia katikati ya mwaka 1862 hata senti za mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambazo hazikuwa na madini ya thamani hata kidogo, zilikuwa zimetoweka sokoni kwa sababu ya hofu tu. Mtu aliyetaka mkate, gazeti au nauli ya tramu hakuwa na cha kulipia, na mwenye duka hakuwa na cha kumrudishia.

Jambo la kwanza walilojaribu lilikuwa stempu za posta. Sheria ya tarehe 17 Julai 1862 iliruhusu stempu zipokelewe kama pesa, lakini stempu ina gundi, na gundi hunata jasho linapoigusa. Haukupita muda zikawa takataka mifukoni. Mtu mmoja aitwaye John Gault alipata hataza tarehe 12 Agosti 1862 ya kuifunga stempu ndani ya kibati cha shaba ya njano kilichofunikwa kwa ulanga, madini membamba yanayopitisha mwanga kama kioo, ili stempu ionekane upande wa mbele na mgongoni liwepo tangazo la kampuni iliyolipia kazi hiyo. Serikali nayo ikachapisha noti ndogo ndogo zenye picha za stempu. Yote hayo hayakutosha, hasa kwa thamani ya senti moja, na hapo ndipo wenye maduka, wauza bia, wauza dawa na vinyozi walipowaendea wachongaji mihuri, yaani vyuma vya kugongea sarafu, na kuagiza tokeni zao kwa maelfu. Nyingi ziligongwa mwaka 1863, na inakadiriwa kwamba kwa jumla zilifikia takriban milioni 25.

Usidhani kwamba serikali iliziruhusu. Sheria ile ile ya Julai 1862 ilikataza watu binafsi kutoa chochote chini ya dola moja kwa nia ya kukizungusha kama pesa, ila hapakuwa na nguvu ya kuitekeleza wakati soko lilikuwa halina chenji. Ndiyo maana kipande chako cha kwanza kimejilinda kwa lile neno "NOT": mtoaji alitaka kionekane kama senti machoni pa mnunuzi huku akiwa na la kujitetea mbele ya hakimu. Mambo yalibadilika tarehe 22 Aprili 1864, sheria mpya ilipoifanya senti kuwa nyepesi, kutoka gramu 4.67 hadi gramu 3.11, ikaleta kipande kipya cha senti mbili, na ikaharamisha waziwazi tokeni za watu binafsi za thamani hizo mbili. Senti mpya haikuwa na cha kumfanya mtu aifiche. Mwezi Juni mwaka huo huo sheria nyingine ikafunga mlango wa aina zote za sarafu za watu binafsi.

Kuhusu njia ya kufuata, kuna makundi mawili makubwa ambayo lazima uyatenganishe tangu mwanzo. Kundi moja ni la tokeni zenye picha na maneno ya kizalendo, zisizotaja mtoaji, kama hicho chako cha "NOT ONE CENT". Kundi la pili ni la tokeni zenye jina la duka, kazi yake na mji wake, kama hicho cha Cincinnati. Ushauri wangu, na ninautoa kwa moyo wote, ni kwamba uelemee kundi la pili. Tokeni isiyo na jina ni kipande cha shaba kilichozungushwa kwa imani ya jumla, lakini yenye jina ni ahadi ya mtu fulani, katika mtaa fulani, kwamba ukimrudishia atakupa bidhaa au pesa. Ahadi hiyo ilitimizwa au haikutimizwa, na hapo ndipo penye historia. Muuza bia mmoja wa New York, Gustavus Lindenmueller, alitoa tokeni zaidi ya milioni moja. Kampuni ya tramu za Third Avenue ilizipokea kama nauli kwa wingi, lakini ilipompelekea azikomboe, alikataa, na kampuni haikuwa na njia ya kumlazimisha. Tokeni zake leo ni miongoni mwa zinazopatikana kwa urahisi zaidi, na kila anayeishika moja mkononi anashika deni ambalo halikulipwa.

Orodha inayotumiwa na wakusanyaji wote ni ya akina Fuld, Melvin na George, baba na mwana. Katika orodha hiyo kila mji una namba yake ndani ya jimbo, kwa hiyo cha kwako cha pili utakitafuta chini ya OH165, ambayo ni Cincinnati. Uadimu hupimwa kutoka R-1, yaani zaidi ya vipande 5,000 vinavyojulikana, hadi R-10, yaani kimoja tu. Mtu wa kipato cha kawaida asikimbilie R-8 na R-9. Tokeni za R-1 hadi R-3 zina historia ile ile na bei inayovumilika. Jichagulie uzi mmoja wa kufuata: wauza vyakula peke yao, au wauza dawa peke yao, au mji mmoja. Kwa kuwa binamu yako yuko Ohio, na Ohio ndilo jimbo lililokuwa na maduka mengi zaidi yaliyotoa tokeni, Mungu amekwisha kukuchagulia.

Karani Mstaafu, Kakamega

Namshukuru Mwalimu kwa maelezo yake, na nakubaliana naye karibu kwa yote. Mimi nitazungumzia ile sarafu ya kopo la babu, maana inatuhusu sisi kwa karibu zaidi kuliko Cincinnati.

Kijana wangu, hiyo si tokeni ya duka. Hiyo ni heller 20 ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na herufi T ni ya Tabora. Tangu mwaka 1904 rupia ya Wajerumani iligawanywa katika heller 100, na sarafu zote zilikuwa zikigongwa Ujerumani na kuletwa kwa meli. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, manowari za Kiingereza zikaifunga pwani, meli chache mno zikapenya na sarafu zikaadimika, huku jeshi la Wajerumani likihitaji kuwalipa askari na wapagazi, na kununua chakula vijijini. Walichapisha noti za muda, ambazo wanakijiji wengi hawakuziamini, kisha mwaka 1916 wakaanza kugonga sarafu wenyewe katika karakana ya reli huko Tabora, wakitumia shaba yoyote iliyopatikana, yakiwemo maganda ya risasi na mizinga. Walitoa heller 5, heller 20 na ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na kazi hiyo ikawa imekwisha.

Hiyo ndiyo sababu ya uso mbovu unaouona. Mafundi walikuwa wa reli, si wa sarafu. Mihuri yao ilipasuka na kutengenezwa upya, na vipimo havikuwa sawa. Kwa mkusanyaji hili ni jambo la heri, kwa kuwa liliacha aina kadhaa ndani ya sarafu moja. Chukua kioo chako utazame kama taji ni kubwa au dogo, kisha utazame upande wa pili ncha za herufi L mbili katika neno "HELLER", kama zimejikunja au zimechongoka. Kwa alama hizo wakusanyaji hutambua ni muhuri gani uliotumika. Ziko za shaba ya njano, ambazo ndizo nyingi, na ziko za shaba nyekundu.

Ilifikaje Yala? Hilo halinishangazi hata kidogo. Vita vile havikuwa vya mbali na huku kwetu, kwa maana Wajerumani waliingia Kisii mwezi Septemba 1914, na wanaume wengi wa Nyanza walichukuliwa katika kikosi cha wapagazi, "Carrier Corps" kwa Kiingereza, kile ambacho jina lake limebaki katika mitaa ya Kariakor. Aliyekuwa hai kurudi nyumbani angeweza kurudi na heller mfukoni, na mwenye duka angeipokea, au angeiweka tu kwenye kopo pamoja na vitu vingine visivyo na mnunuzi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na Mwalimu. Yeye anasema ufuate jina la duka. Mimi nasema kwamba kwa Mwafrika wa ziwa hili, mkusanyo wa upungufu wa sarafu wakati wa vita ukiiacha Tabora nje utakuwa na pengo kubwa mno, hata kama mtoaji alikuwa serikali. Hali iliyozizaa ni ile ile: chenji imetoweka, na aliye karibu na shaba anaigonga. Ukitaka mfano mwingine wa Afrika, wakati wa vita vya Makaburu na Waingereza, mwaka 1900, huko Bulawayo, katika Zimbabwe ya leo, sarafu ziliadimika kiasi kwamba msimamizi aitwaye Hugh Marshall Hole alitoa kadi ndogo zilizobandikwa stempu za Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini, na kuahidi kwamba kuanzia tarehe 1 Agosti mwaka huo zingelipwa kwa pesa taslimu. Je, tuikatae kadi hiyo kwa sababu mwenye kuitoa alikuwa na ofisi badala ya duka?

Mwalimu wa Historia, Nakuru

Ndugu Karani, siikatai, na hoja yako kuhusu Tabora ina uzito. Ninachosisitiza ni kwamba ziwekwe katika kurasa tofauti za albamu. Serikali ikitoa kipande cha dharura ina mahakama na kodi nyuma yake. Inaweza kukulazimisha ukipokee. Mwenye duka hana kitu hicho. Ana jina lake tu. Mkusanyaji akichanganya hizo mbili atapoteza swali lenye thamani zaidi, yaani ni nani aliyemwamini nani.

Kwa kuwa umetaja kusini mwa Afrika, niongeze mfano ambao haukutokana na vita bali na umbali. Kuanzia mwaka 1874 duka la Strachan na wenzake, huko Griqualand Mashariki, Afrika Kusini, lilitoa tokeni zake lenyewe, nazo zikapokelewa na wenyeji wa eneo lile kwa miongo mingi kama pesa ya kawaida. Huko hapakuwa na mizinga wala hofu, palikuwa na ukosefu wa sarafu tu, lakini ukizilinganisha na za mwaka 1863 utaona jinsi ahadi ya duka moja inavyoweza kudumu pale mwenye duka anapoitimiza.

Binti wa Dukawala, Kisumu

Hamjambo nyote. Ninafuatilia mazungumzo haya kwa furaha kubwa, kwa kuwa familia yetu imekuwa na duka mjini hapa tangu enzi za babu wa baba yangu, aliyetoka Kathiawar, huko Gujarat, India, akafuata reli mpaka ilipoishia ziwani. Nataka kuongeza jambo ambalo wanaume hawa wawili hawajaligusa.

Kijana, umeuliza kama duka za huku zilitoa tokeni. Katika familia yetu sijawahi kuona hata moja, na nadhani sababu iko kwenye daftari la mikopo. Mteja aliyefahamika aliandikiwa. Aliyebakishiwa senti chache, senti hizo ziliandikwa kwa jina lake, na siku nyingine alichukua chumvi au kiberiti. Daftari lilifanya kazi ambayo tokeni ilifanya Cincinnati, tofauti ikiwa kwamba ahadi ya daftari haiwezi kupewa mtu wa tatu akainunulie kitu kwingine. Kwa hiyo ningekushauri kwamba pamoja na kutafuta vipande vya chuma, uwaulize wazee wa maduka ya zamani ya Yala, Luanda, Mumias na Kendu Bay kama wamehifadhi madaftari yao. Karatasi hizo zinaliwa na mchwa kila mwaka, na hakuna mnada duniani unaoziuza.

Kitu cha pili ni kuponi. Wakati wa vita vya pili vya dunia, kati ya mwaka 1942 na 1943, India nzima ilikumbwa na upungufu wa chenji, kwa sababu watu walificha sarafu na shaba ilihitajika vitani. Serikali ya Kiingereza huko ilitoa pice, sarafu yao ndogo, yenye tundu kubwa katikati, kuanzia mwaka 1943, ili kupunguza shaba. Lakini kabla ya hapo, madola madogo ya wafalme wa Kathiawar, kama Junagadh na Morvi, yalichapisha vikadi vya thamani ndogo ndogo, vyenye picha ya mtawala au nembo ya dola, vitumike badala ya sarafu ndani ya mipaka yao. Familia nyingi zilizokuja Kisumu, Nakuru na Kakamega zilikuwa na ndugu huko na ziliandikiana barua. Sitashangaa hata kidogo kama vikadi hivyo vimo ndani ya masanduku ya nyumba kadhaa za mjini hapa, vikidhaniwa kuwa tiketi za basi la zamani. Vina maandishi ya Kigujarati, na vijana wetu wengi leo hawawezi kuyasoma. Ukikutana na kadi ndogo nene ya karatasi yenye maandishi usiyoyatambua, usiitupe.

Hata huku kwetu vita hivyo viliacha alama, ingawa si kwa mikono ya wenye maduka. Tarehe 1 Januari 1943 ndiyo iliyoandikwa kwenye noti ya shilingi moja ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, noti iliyotolewa kwa sababu sarafu za shilingi hazikutosha. Na zile sarafu ulizonazo, kijana, tazama vizuri za miaka ya 1940: utaona baadhi zina herufi ndogo "SA" na nyingine "I". Za kwanza ziligongwa Pretoria na za pili Bombay, kwa sababu kuzileta kutoka Uingereza kupitia bahari yenye nyambizi lilikuwa jambo la hatari. Hizo unazipata sokoni Kibuye siku ya Jumapili kwa bei ya chakula cha mchana, na zina historia ya vita ndani yake.

Nimalizie na jambo ninaloliona kila siku. Kila mara mteja anaporudishiwa peremende dukani kwa sababu hakuna sarafu ya shilingi, tunafanya kile walichofanya watu wa mwaka 1862 kabla ya tokeni kugongwa. Peremende inakubaliwa ikitoka dukani lakini haikubaliwi ikirudi, na hapo ndipo ubora wa tokeni nzuri unapoonekana: ilirudi.

Kijana wa Kondele, Kisumu

Nawashukuru sana Mwalimu, Mzee Karani na Dada. Nimeitazama ile heller 20 na naona taji ni dogo, na ncha za L zote mbili zimechongoka. Nitaitafutia ukurasa wake peke yake kama Mwalimu alivyosema.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Shangazi yangu ananihimiza nizisugue zote kwa majivu na limau zing'ae. Je, nikubali? Na nikianza kununua mtandaoni, nitajuaje kwamba sijauziwa kipande cha bandia?

Mwalimu wa Historia, Nakuru

Mwambie shangazi, kwa heshima zote, kwamba hapana. Majivu ni mchanga laini, na limau ni asidi. Vyote viwili huondoa ngozi ya juu ya shaba ambayo imechukua zaidi ya miaka mia moja kujijenga, na kwa ngozi hiyo ndipo mnunuzi anapotambua kuwa kipande hakikuchezewa. Kipande kilichosuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya bei yake siku hiyo hiyo, na hakuna dawa ya kuirudisha. Kama kuna uchafu wa mafuta, kiloweke katika asetoni halisi, isiyotiwa manukato wala rangi, kisha ukiache kikauke chenyewe bila kukifuta. Usitumie mifuko ya plastiki laini inayonuka, kwa kuwa huacha ute wa kijani unaokula shaba. Nyinyi wa Kisumu mna unyevu wa ziwa, kwa hiyo weka ndani ya sanduku lako vile vijifuko vya chembechembe za kunyonya maji vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya, na uvibadilishe mara kwa mara.

Kuhusu bandia, mpelekee sonara unayemwamini akupimie kila kipande kwa mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu, na uandike uzito huo. Tokeni za mwaka 1863 hazikuwa na uzito mmoja uliowekwa na sheria, kwa hiyo uzito peke yake hauhukumu, lakini ukiwa na rekodi za vipande vingi vya muhuri mmoja utaona kilichotoka nje ya mstari. Kipande kilichosubiwa, yaani kumiminwa kwenye kalibu, badala ya kugongwa huonyesha vitundu vidogo vya hewa kwenye uwanda wake, yaani sehemu tupu ya uso, herufi zenye kingo za mviringo, na wakati mwingine mshono mwembamba ubavuni; kwa hiyo mtake muuzaji akupigie picha ya ubavu, si ya nyuso mbili tu. Sumaku isiishike shaba. Uwe mwangalifu pia na vile vya fedha au vya metali nyeupe vinavyosifiwa kuwa adimu sana: wachongaji wa wakati ule ule waligonga vichache kwa ajili ya wakusanyaji, navyo havikuwahi kununua mkate. Vina soko lake, ila havijibu swali ulilokuja nalo.

Kile kipande chako cha tatu kilichotobolewa kinafaa kuhifadhiwa vizuri kama vingine, hata kama mfanyabiashara wa sarafu atakupa nusu ya bei au chini yake. Jaribu kukisoma chini ya mwanga wa pembeni, jioni, na uchore kila herufi inayojitokeza. Herufi tatu au nne za jina la mtaa mara nyingi zinatosha kumpata mtoaji katika orodha ya Fuld.

Karani Mstaafu, Kakamega

Kwa upande wa Tabora, kanuni ya bandia inageuka kidogo. Ugongaji mbovu si ushahidi wa ubandia, maana zote zilikuwa mbovu. Hofia zaidi ile inayong'aa na kukamilika kila pembe. Na mtu akikuletea ile rupia 15 ya tembo kwa bei ya huruma, mkatalie hata kabla hajaifungua kitambaani. Halisi ina uzito wa gramu 7.168, ziligongwa 16,198 tu, na nakala zake zimejaa duniani.

Umetaja kununua mtandaoni, na huenda siku moja utataka pia kuuza au kubadilishana na watu wa nje. Sheria yetu ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, na vitu hivyo vinahitaji kibali kabla ya kutolewa nje. Tokeni zako zimegongwa mwaka 1863, lakini zimeingia nchini juzi pamoja na binamu yako, kwa hiyo hifadhi barua au ujumbe wake unaoonyesha zilivyokuja na lini. Ile heller ya babu imegongwa baada ya mwaka huo. Andika kwenye bahasha yake ya karatasi: kopo la babu, duka la Yala, jina lake, na miaka aliyofanya biashara kama familia inaikumbuka. Muulize bibi au wajomba mwezi huu huu, kabla hujaandika kitu kingine chochote kuhusu taji wala ncha za L.

Binti wa Dukawala, Kisumu

Na ukipata kadi yenye Kigujarati katika kopo hilo au jingine, pandisha picha ya pande zote mbili hapa. Mama yangu anasoma bila miwani.